Kwenda Kuonwa Korogwe

Wenzangu,

Tangu nirudi, kila mmoja wenu amenivuta pembeni kwa wakati wake na kuniuliza swali lile lile. Joachim aliniuliza tukiwa kwenye foleni ya chakula. Rehema alinipitishia karatasi maktabani. Je, mtu aende kwanza kufanya kazi kwa wiki kadhaa katika hospitali anayoitaka, ndipo aombe nafasi ya kufundishwa huko? Au atume karatasi zake kutoka hapa Dar na kungoja majibu? Kila mara nimejibu, "Inategemea," nanyi mmecheka, mkasema ndiyo mimi huyo. Basi naandika yote yaliyotokea, muamue wenyewe.

Mnajua nilichokuwa nakitafuta. Dokta Mhina wa Korogwe huchukua mhitimu mmoja tu kwa mwaka wa kumfundisha upasuaji. Kwenye karatasi mimi si mbaya. Shida yangu ni kwamba mikono yangu hutetemeka ikitazamwa. Nikiwa peke yangu chumbani nafunga fundo la uzi nimefumba macho. Akisimama mtu nyuma yangu, nasahau hata mkono wa kulia ni upi. Kwa hiyo nikienda, ataniona. Nisipoenda, atamchukua mtu aliyemwona. Niliandika sababu za kwenda upande mmoja wa karatasi na sababu za kubaki upande wa pili. Zikatoka sawasawa, nikaanza kujishuku kwamba nimezilinganisha kwa makusudi. Mwishowe nilikwenda kwa sababu Rehema alisema, "Nenda bwana, utuache tupumzike."

Habari za ruhusa, barua na mihuri naziruka. Mihuri mnaijua.

Dar mpaka Mkata

Nilipanda basi la asubuhi na sanduku moja na mwavuli. Mwavuli ule mliuona: mweusi, mpini wa mti uliopinda, zawadi ya mama nilipomaliza sekondari. Mvua haikuwapo wala haikutarajiwa. Niliubeba kwa kuwa niliamini daktari mwenye mwavuli huonekana mtulivu.

Jirani yangu alikuwa fundi cherehani anayerudi Mkata, amepakata kichwa cha cherehani kama mtoto mchanga. Baada ya Chalinze akanigeukia.

"Ndugu, samahani. Unaongea na nani?"

Sikujua kwamba nilikuwa natoa sauti. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kumwamkia Dokta Mhina.

"Na daktari," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Korogwe."

Akahamishia cherehani lake kwenye paja la upande wa pili, mbali na mimi.

Tulipofika Mkata mpira wa rejeta ukapasuka. Dereva akasema dakika kumi. Tulikaa hapo mpaka alasiri. Abiria wakatawanyika kutafuta chakula, nami nikaingia katika kibanda cha nyasi ambako mama mmoja mnene, wa umri wa mama yangu au zaidi, alikuwa anasonga bada. Kwa ninyi mnaojua ugali wa mahindi tu: bada ni ugali wa muhogo, unateleza, na pale ulikuwa unaliwa na mchuzi wa papa mkavu na mboga chungu ya mchunga. Nilikula sahani mbili. Wateja walimwita Bi Mwajuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Dar."

"Dar si kwao mtu. Kwenu wapi?"

"Tabora."

Mwiko ukasimama ndani ya chungu. "Mnyamwezi?"

"Ndiyo, mama."

"Alaa! Tena amekaa kwenye kigoda changu! Jamani, njooni mwone, mtani ameletwa na basi bovu!" Akacheka mpaka kanga ikamtoka begani. "Babu zenu walipita hapa na pembe za ndovu wanakwenda pwani. Wakanywa maji yetu, wakala mihogo yetu, wakaondoka hata ahsante hawakusema. Nimengoja mpaka leo." Akanyoosha mkono, akauchukua mwavuli wangu uliokuwa umeegemea nguzo. "Hii ndiyo ahsante."

Baadhi yenu mmekulia mjini, basi nieleze. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu na kuchukua kitu chako machoni pako, nawe ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Nyumbani Tabora niliyasikia haya tangu utotoni. Lakini kusikia ni jambo moja. Kumwona mtu anafungua mwavuli wa mama yako ndani ya kibanda na kuuzungusha, huku abiria wote wanapiga makofi, ni jambo jingine. Nilicheka, nadhani. Fundi cherehani alisema baadaye kwamba nilionekana kama mtu aliyemeza mwiba.

Sasa sikilizeni jambo moja, maana nitalirudia. Kila Bi Mwajuma alipoinua chungu, na kila alipokohoa kwa moshi, mkono wake wa kushoto ulishuka kinenani na kukandamiza juu ya kanga, kama mtu anayerudisha kitu ndani. Niliona mara ya kwanza. Nikaona mara ya pili. Mara ya tatu nikajua: ngiri. Nilikumbuka hata ukurasa wa kitabu. Nilikumbuka kwamba kwa mwanamke wa umri ule, ngiri ya mahali pale hunaswa kwa urahisi, na ikinaswa utumbo hufa, na mwenye utumbo hufuata.

Nikatunga sentensi kichwani: "Mama, samahani, nina swali dogo kuhusu afya yako." Nikaikataa. Kijana kumwuliza mwanamke mzima habari za kinena chake mbele ya abiria! Nikafikiri kumwita pembeni, nikawaza watu watasemaje. Nikawaza kwamba mimi si daktari bado. Nikawaza kwamba huenda ananyoosha kanga tu. Nilikuwa kwenye wazo la tano au la sita dereva alipopiga honi, nikapanda basi. Bi Mwajuma akatupungia kwa mwavuli.

Mkata mpaka Segera, na Segera mpaka Korogwe

Rejeta ilitufikisha Segera, hapo ikakata tamaa kabisa. Segera ni njia panda: moja inakwenda Tanga, moja Dar, moja Korogwe na kuendelea Arusha. Kuna kibao. Nilikisoma, kisha nikawauliza watu watatu kama kibao kinasema kweli. Muuza machungwa aliniambia, "Ndugu, kibao hakijahama tangu kiwekwe."

Nikapata nafasi nyuma ya lori la ushirika lililobeba magunia ya mahindi. Baadhi ya magunia, kumbe, yalikuwa ya jikoni ya hospitali ile ile niliyokuwa naiendea. Tulipoingia getini, nimejaa vumbi kuanzia nywele mpaka soksi, mtunza stoo akapiga makofi: "Haya vijana, shusheni, giza linakuja!" Nilitaka kumweleza kwamba mimi si mpakuzi. Lakini alikuwa anaongea mfululizo, nami sikupata pahala pa kumkatiza bila kumvunjia heshima. Gunia la kwanza likanikuta begani wakati bado natafuta maneno. La pili nalo vivyo hivyo.

Nilikuwa na la tatu nilipokutana uso kwa uso na mtu mfupi mwenye miwani na koti jeupe. Akaniuliza sanduku la nani lile kwenye lori.

"Langu," nikasema. "Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi kutoka Dar. Naitwa Mihayo."

"Mihayo wa wapi?"

"Tabora."

Alilitazama gunia. Akanitazama mimi. Kisha akavua miwani kwa sababu machozi ya kicheko yalikuwa yameanza kumtoka. "Sista Mwanaidi! Sista, njoo haraka! Nimeletewa Mnyamwezi, na amekuja na mzigo begani, mwenyewe, bila kuitwa!"

Hivyo ndivyo Dokta Mhina alivyoniona kwa mara ya kwanza. Zile salamu za ndani ya basi sikuzitumia.

Korogwe

Dokta Mhina ni Mzigua wa Handeni. Sista Mwanaidi, msimamizi wa wodi ya upasuaji, ni Mzigua wa Handeni. Mtu wa dawa ya usingizi ni Msambaa, lakini alijiunga nao katika utani kwa hiari yake. Kuanzia asubuhi ya pili sikuwa tena na jina.

"Mnyamwezi, beba machela."

"Mnyamwezi, ndoo ya maji haijijazi."

"Mnyamwezi, shika hapa uvute. Usifikiri, vuta."

Nilikuwa nashikilia vyuma vya kupanulia kidonda, siku baada ya siku. Kisu sikupewa. Nilipofunga fundo langu la kwanza mbele ya Dokta Mhina, vidole vilitetemeka kama nilivyojua vitatetemeka. Akaliangalia fundo, akasema, "Hivi ndivyo mlivyokuwa mnafunga pembe? Ndiyo maana nyingi zilianguka njiani." Chumba kizima kikacheka. Nikacheka pia. Jioni nikakaa kitandani nikajiuliza: je, lile fundo lilikuwa baya?

Ndiyo shida yenyewe, wenzangu, na ndiyo sababu nasema inategemea. Nilikwenda ili nijulikane. Nilikuwa tayari kuambiwa ninafaa au sifai. Lakini kila neno nililoambiwa lilikuja limevaa utani, na nisingeweza kulivua nione ndani kuna nini. Nikachukua daftari, nikachora safu mbili: Utani, na Kweli. Kila jioni niliandika walichosema na kukiweka mahali pake. "Mikono yako imeumbwa kwa magunia": Utani. "Umechelewa": Kweli. "Ukiendelea hivi mgonjwa atazeeka mezani": hapo nilikaa robo saa. Nikachora safu ya tatu, Sijui, na mwisho wa wiki ya tatu safu ya tatu ilikuwa imezipita zile mbili zikijumlishwa.

Nisiwafiche, nilipendwa pia. Sista Mwanaidi aliniletea kisamvu kutoka kwake kila Ijumaa, akiniwekea mbele na maneno haya haya: "Kula, usije ukafa tukalazimika kukusafirisha." Sikujua niandike safu gani, nikala.

Handeni

Wiki ya nne tulitumwa na landrova kwenda kufanya kliniki katika kijiji kimoja cha ujamaa nje ya Handeni: Sista Mwanaidi, dereva, na mimi. Nilifurahi sana. Nilijua Dokta Mhina atamwuliza Sista nilikuwaje.

Tulifika asubuhi, hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Kijiji kizima kilikuwa kwenye shamba la pamoja. Mwenyekiti wa kijiji akatupokea kwa "Uhuru!" nasi tukajibu "Na kazi!" kisha akaeleza kwamba watu watatibiwa wakishamaliza mistari yao, na kwamba wageni wanakaribishwa kushiriki kidogo kama ishara. Akanipa jembe.

Neno "ishara" alilisema waziwazi. Sista Mwanaidi alipiga majembe matatu, akapigiwa makofi, akaenda kukaa kivulini. Dereva alipiga mawili. Mimi nikawaza: wanatazama kama vijana wa chuo tunajua kazi. Nikawaza Sista atamwambia Dokta. Nikalima mstari mzima. Nikaanza wa pili. Udongo ulikuwa mkavu kama matofali. Wanakijiji waliacha kulima wakasimama kuniangalia, na mzee mmoja akamwuliza mwenyekiti kwa sauti, "Huyu kafanya kosa gani?"

Nilipoweka jembe chini, viganja vyote viwili vilikuwa na malengelenge, na mengi yalikuwa yamepasuka. Sista aliitazama mikono yangu, akafunga macho. "Mnyamwezi," akasema polepole, "ile ilikuwa ishara."

Kliniki ilikwenda vizuri. Mfugaji mmoja, aliyetoka mbali kwenye nyanda kavu na mkewe, alingoja mpaka wote wameondoka, akanipa kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi, akanieleza kirefu juu ya kikohozi, homa na kukosa hamu ya kula. Nikatoa kipimo nimsikilize kifua. Akashangaa. Mgonjwa alikuwa ndama. Mkewe alicheka akajifunika shuka usoni. Maziwa yale yalikuwa matamu sana, ingawa kibuyu nilikishika kwa ncha za vidole.

Korogwe mara ya pili

Dokta Mhina alinitaka nioneshe viganja. Nikaonesha. Hakucheka.

"Mikono yenye vidonda haiingii katika upasuaji wangu," akasema. "Utamtia mgonjwa uchafu, au atakutia wewe. Kaa mapokezi mpaka ngozi ifunge."

Lile niliweza kuliandika bila kusita: Kweli. Nilikuwa nimebakiza wiki mbili. Nilikuwa nimesafiri njia yote hiyo ili mtu aione mikono yangu ikifanya kazi, na mikono nilikuwa nimeiharibu mwenyewe, kwa kutaka ionekane ikifanya kazi. Nilikaa mapokezi nikiandika majina ya watu kwa kalamu iliyofungwa kitambaa.

Siku ya pili saa nne asubuhi likaingia lori. Nyuma, juu ya godoro, amelala mwanamke, na binti yake amesimama kumkinga na jua kwa mwavuli mweusi wenye mpini wa mti. Niliujua mwavuli kabla ya kumjua mtu.

Bi Mwajuma alikuwa amepungua kama aliyeumwa mwaka, kumbe ni tangu usiku wa jana tu. Alikuwa akitapika. Kinenani palikuwa na uvimbe mgumu kama ndimu ambao haukurudi ndani tena. Tulipomlaza kitandani ndani, Dokta Mhina aliugusa uvimbe mara moja tu, akasema atayarishwe.

"Mimi sipasuliwi," Bi Mwajuma akasema.

Dokta akamweleza. Sista akamweleza kwa Kizigua. Binti akapiga magoti, akalia. Bi Mwajuma akageukia ukuta. "Nipeni dawa ya kunywa. Kama hakuna, nirudisheni kwangu. Nimeishi na tumbo langu miaka yote halijafunguliwa na mtu, nitakwenda nalo hivyo hivyo."

"Ukirudi utakufa, mama," Dokta akasema.

"Nitafia kwangu."

Wakasogea mlangoni kushauriana. Dokta Mhina alitazama saa. Nilibaki mimi na kalamu yangu. Nikamsogelea, nikaanza na heshima zote: "Mama, tafadhali sana, nakuomba ufikirie..." Hakugeuka. Nikatunga sentensi nyingine, nzuri zaidi, yenye watoto wake ndani. Nikaiona ile safari ya Mkata, mawazo matano, dereva anapiga honi. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema kitu ambacho sikuwa nimekitunga.

"Haya, sawa. Kufa basi."

Binti akashtuka. Bi Mwajuma akageuza kichwa. "Nani huyo?"

"Mtani wako. Mwenye mwavuli. Kufa, lakini ujue nitakuja msibani Mkata, na hakuna wa kunizuia, mimi ni Mnyamwezi. Nitavaa kanga yako. Nitabeba chungu chako, nitembee mbele ya waombolezaji nimeshika kinena hivi, nikisonga bada, na wakwe zako wote wanaangalia. Wakitaka kukuzika nitalala juu ya jeneza mpaka nipewe mwavuli wangu na mbuzi wawili."

Alinikodolea macho. Kisha tumbo likaanza kumtikisika.

"Mwana mlaaniwa wewe," akasema, "usinichekeshe, naumia."

"Ninyi Wazigua mmezoea. Mlituuzia maji mkatuonyesha njia ya kurudi nyuma. Leo nimekuja kuchukua mbuzi."

"Hupati mbuzi wangu!"

"Nitapata. Dokta amesema kesho hufiki."

Akawa anahema. Niliona hofu yake sasa, ilikuwa karibu kabisa chini ya kile kicheko. Akasema kwa sauti ndogo, "Wakinifungua, wewe utakuwapo?"

"Nitakuwapo."

"Ukae kichwani pangu. Nikifa nikuone wewe wa mwisho, nijue wa kumrudia." Akawageukia wale wa mlangoni. "Haya, njooni. Nyamwezi hili halitakula mbuzi wangu."

Nilipomweleza Dokta Mhina kwamba nimeahidi kuwamo, alitazama viganja vyangu. "Utakaa kwenye kigoda upande wa kichwa, na mikono yako ubaki nayo. Usiguse kitu."

Bi Mwajuma alidungwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho. Pazia la kitambaa lilitutenga na tumbo. Nilivaa gauni na barakoa, nikakaa karibu na sikio lake.

"Mnyamwezi, wamefika wapi?"

"Wamefika Segera. Wanauliza njia."

Akacheka. Dokta Mhina akasema kutoka upande wa pili, "Mwambieni asicheke, kazi inanirukia."

"Si mimi," Bi Mwajuma akasema, "ni mtani wangu hana adabu."

Halafu wakanyamaza. Niliinua shingo, nikaona kipande cha utumbo, cheusi cha zambarau, wakikifunika kwa vitambaa vya maji ya chumvi ya moto. Mnajua kinachofuata. Unangoja. Kikirudi rangi, kinarudishwa. Kisiporudi, kinakatwa, na kwa mtu wa umri ule katika hali ile, hapo mambo huwa magumu.

"Mbona wamenyamaza?" akauliza.

Ningeweza kusema hakuna kitu. Nikamwambia, "Utumbo ulibanwa. Wanangoja waone kama utarudi rangi yake."

"Ukikataa?"

"Watakata kipande."

"Na wewe?"

"Mimi niko hapa."

Alifumba macho, midomo ikawa inasoma kitu. Saa ya ukutani nilikuwa naisikia. Sista alifunua kitambaa, akakirudisha. Akafunua tena.

"Haya," Dokta Mhina akasema. "Umerudi."

Baadaye tu, nikioga, ndipo nilipokumbuka kwamba chumba kizima kilikuwa kikinitazama na kunisikiliza kwa muda wote ule, na sikuwa nimeangalia mikono yangu hata mara moja kuona kama inatetemeka.

Siku ya nne aliweza kukaa. Nilikwenda kumwambia lililokuwa linanikaba. "Mama, siku ile Mkata niliona. Ulivyokuwa unashika. Nilijua ni nini, nikanyamaza, nikapanda basi."

Alikuwa anakunywa uji. "Nami nilikuona unaniangalia. Nikadhani unawaza namna ya kuiba mwavuli."

"Ningekuambia, usingefika hali ile."

"Ungeniambia, ningekutukana." Akameza uji. "Lakini ungeniambia tu."

Kurudi

Siku yangu ya mwisho nilimngoja Dokta Mhina nje ya wodi. Alikuja amebeba mafaili. Nilikuwa na maneno yangu tayari, yakaisha yote, likabaki swali. "Dokta, ile nafasi. Niombe?"

Alinitazama juu ya miwani. "Mnyamwezi na mzigo wake kichwani anamwuliza Mzigua njia?" akasema, akaingia wodini. Sista Mwanaidi, aliyekuwa anafuata nyuma, alinitia mkononi kifurushi cha kisamvu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Hakusema chochote, hata ile habari ya kunisafirisha.

Nililiandika jibu lile kwenye safu ya tatu. Basi lilipofika Segera nilikuwa bado nalisoma. Kisha nikalifunga daftari, na tangu siku hiyo sijalifungua.

Mkata niliomba dereva asimame. Bi Mwajuma alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa kibanda, amekatazwa kuinua chochote, na binti yake ndiye anayesonga. Mama mwenyewe alikuwa anatoa amri kwa kunyooshea mwavuli: chungu hiki, moto ule, mteja yule.

"Mtani, nipe mwavuli wangu," nikamwambia. "Mvua zinaanza Dar."

"Utalowa."

"Mama yangu atauliza."

"Mwambie uko kazini." Akaushika vizuri zaidi. "Ukirudi Korogwe utapita hapa. Utaufuata."

Sikumwambia kwamba sijui kama nitarudi. Alisema "ukirudi" kama mtu anayetaja siku ya soko.

Basi, kuhusu swali lenu. Joachim, wiki sita zinatosha watu waone makosa yako, hazitoshi waone ukiyarekebisha. Ukienda kwa ajili ya kuonekana tu, bora utume karatasi, karatasi haina malengelenge. Mimi nilikwenda hivyo, na wiki nne nzima nilijitazama mwenyewe kwa macho ya wengine, hata mgonjwa aliyekuwa mbele yangu na chungu mkononi nikamwacha. Lakini kama nisingekwenda, nisingejua kwamba naweza kukaa kwenye kigoda kile. Wala nisingejua kwamba ni Korogwe ninakotaka kufundishwa, na si nafasi ya upasuaji popote itakapopatikana. Rehema, ndiyo, nenda. Ukipewa jembe, piga matatu.

Jana nilipeleka fomu. Ina mistari mitatu ya hospitali, na inashauriwa kuijaza yote. Niliandika Korogwe mstari wa kwanza, nikamkabidhi karani. Akaigeuza. "Na hii miwili?"

"Iache hivyo."

"Wakikukataa huko?"

Mvua ilikuwa imenipiga njia nzima kutoka bwenini, na maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mkono wa shati langu mpaka kwenye meza yake. Akaisogeza fomu isilowe, akaniuliza kama sina mwavuli.

"Ninao," nikamwambia. "Uko Mkata."